Nimeshapasha Mwenyewe

Jumanne, 9 Januari

Kaka,

Mimi mzima, na kama wewe na Mama mko wazima pia, basi salamu zimeisha, tuingie kwenye mambo.

Simu zetu zinafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini. Tunapewa Jumapili kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ni ya Mama, maana nikimnyima atawatangazia watu kwamba nimemsahau. Wewe utanisoma kwa mkono wangu, na mwandiko wenyewe unaujua, kama kuku kaparura.

Kituo ni kikubwa, na shule iko humo humo. Viwanja sita vya tenisi, vyote vya saruji, na hakuna wavu uliotoboka hata mmoja. Wasichana tuko kumi na wawili. Tarehe 2 Machi kuna mchujo, watachukuliwa wanne waende kucheza nje mwezi wa nne. Mwakani nitakuwa nimepita umri, kwa hiyo ni safari hii au basi. Usinijibu kwamba maishani kuna mambo mengine. Najua yapo, lakini siyataki.

Nalala chumba kimoja na msichana anayecheza kwa mkono wa kushoto, kituo kizima kinamwita Mashoto. Ndiye niliyepangiwa naye kwenye mechi za wawili wawili. Anamaliza sabuni yangu, anavaa soksi zangu, na ana roho nzuri mpaka nashindwa kumgombeza.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mwembamba, filimbi haimtoki shingoni. Tunamwita Bi Filimbi, mwenyewe hajui. Kaka, huyo mama ni wewe mtupu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko kiwanjani, na hakuna kugusa raketi kabla ya dakika ishirini za kupasha mwili: kukimbia pole pole, kwenda ubavu ubavu, kuruka kamba, kuzungusha mabega, kupunga miguu, halafu kunyanyua visigino mara thelathini. Kwenye visigino anapita nyuma yetu na daftari. Anayekunja uso hachezi siku hiyo, hakuna cha kujitetea. Alivyokuwa marehemu Baba hasa, na wewe unavyochuchumaa nyuma ya mtu ukimshika kifundo. Nilicheka peke yangu. Nimesafiri siku nzima kuja kukutana na wewe umevaa sketi.

Mdogo wako,
Chiriku


Ijumaa, 19 Januari

Chiriku,

Barua imefika, na mwandiko nimepambana nao mpaka mwisho. Mama nimemsomea yote, isipokuwa pale pa "siyataki."

Huku viwanja ni vile vile viwili na wazee ni wale wale. Jana yule mwanasheria katoka garini moja kwa moja hadi kwenye mstari, kaanzisha mpira kwa nguvu zake zote, bega likalia. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hata gari lako asubuhi unaliacha lingurume kidogo kabla hujalitoa." Akasema nina mdomo. Leo hakuja. Nimekaa stoo chini ya ngazi nafunga nyuzi kwenye raketi, goti langu nimelinyoosha juu ya kreti ya soda, linavuta kwa sababu mawingu yametanda. Limekuwa mtabiri wa hali ya hewa.

Nimefurahi kusikia habari za huyo mama. Msikilize. Kupasha si kwa ajili ya kupata joto tu. Mwili usiopashwa unadanganya, unakuambia uko sawa mpaka unapouhitaji. Ukiwa umepasha, penye kasoro panasema mapema, wakati bado panaweza kusikilizwa. Ndiyo sababu Baba alikuwa anatukagua pale, na si kwenye mechi.

Jambo jingine moja. Wakikuambia ucheze kwenye kiwanja chenye maji, kataa. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki nilivyobebwa kurudi nyumbani. Kuteleza mara moja tu, nami mpaka leo napanda ngazi kama mzee.

Kila barua uniambie: umepasha, na visigino mara ngapi. Usiponiambia nitajua.

Kaka yako,
Fundi Nyuzi


Alhamisi, 1 Februari

Kaka,

Umeuliza, najibu: nimepasha. Visigino thelathini, leo nimeongeza vitano kwa heshima yako.

Mechi za mazoezi nimeshinda nne kati ya tano. Bi Filimbi amesema mbele ya wote kwamba mkono wangu wa kuanzisha una adabu. Nikajua ni wewe umesifiwa.

Sasa nina ombi, na usinicheke. Tukishapasha sote kumi na wawili, tunakaa kwenye benchi kusubiri zamu ya kiwanja, robo saa na zaidi. Mpaka zamu yangu ifike, jasho limekauka na mwili umepoa, kazi yote imepotea bure. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kupasha na kucheza visiachane hata dakika tano. Nataka niwe napasha peke yangu nyuma ya jengo la vyumba vya kubadilishia nguo, kwa mtindo wetu wa nyumbani, hatua kwa hatua kama ulivyonipanga, ili nimalize kiwanja kikifunguka. Bi Filimbi hakatai, ila anataka neno kutoka kwa aliyenifundisha. Mwandikie mistari miwili tu. Mwambie hiyo ndiyo desturi yetu. Ukisema wewe atakubali, nimemsimulia habari zako zote.

Na ile dawa ya kuchua ya Mama, ya kopo la njano, kama bado iko nusu naomba uitume. Ni ya Mashoto, mgongo unamsumbua.

Mdogo wako,
Chiriku


Ijumaa, 9 Februari

Kwa Mwalimu wa timu ya wasichana,

Shikamoo, na samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Mimi ni kaka wa msichana ambaye wenzake wanamwita Chiriku. Nilianza kumfundisha akiwa na miaka saba, baada ya mimi mwenyewe kufundishwa na marehemu baba yetu. Ameniambia kuhusu ombi lake la kupasha mwili peke yake. Anayosema kuhusu mwili kupoa kwenye benchi ni kweli. Mtindo anaoutumia ni wangu, nimeupanga mimi, na haupungui dakika ishirini.

Kuhusu uaminifu wake naweza kuweka mkono wangu hapa. Kwa miaka kumi sijamwona akiruka hata hatua moja. Hata siku ya mazishi ya baba yetu alitoka uani akaruka kamba. Akikuambia amepasha, amepasha.

Nakushukuru kwa kumlea.

Kaka yake,
fundi wa raketi na mwalimu wa klabu


Ijumaa, 9 Februari

Chiriku,

Barua ya Bi Filimbi wako nimeiandika mara tatu ndipo nikaridhika nayo. Nilitaka aone kwamba hukuokotwa. Nimeipeleka posta mwenyewe, kwa mguu.

Mama ametuma kopo la njano pamoja na jozi mbili za soksi, moja ni ya Mashoto ili aache zako. Anasema mwenye mgongo achuliwe na mtu mwingine, asijichue mwenyewe.

Sikuambii mara nyingi, lakini nilipofika pale ulipoandika "mtindo wetu wa nyumbani" niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Nilidhani mtindo wetu ungeishia hapa kwenye viwanja viwili na wazee wanaokuja kupiga soga.

Kaka yako,
Fundi Nyuzi


Jumatatu, 4 Machi

Chiriku,

Jana baada ya simu yako Mama amesema mmefungwa, ila wewe ni mzima, sauti tu ndiyo imekukauka. Haya, pole. Nilikaa na shati la kutokea siku nzima Jumamosi, kama vile nami ningeitwa kiwanjani.

Kufungwa si msiba. Kama ulipasha ukafungwa, umefungwa na mtu aliyekuzidi, basi, unampa mkono. Nani alilegea, wewe au Mashoto? Maana wewe kwenye mechi za wawili una tabia ya kumwachia mwenzako mipira ya katikati, halafu unamtazama kana kwamba ni kosa lake.

Ila unieleze kitu kimoja. Mbona hukuniandikia mwezi mzima? Kopo lilifika? Nimetegea posta mpaka karani ananionea huruma, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mwanasheria anakusalimu. Siku hizi anazunguka kiwanja mara nne kabla ya kucheza, huku akinitukana.

Kaka yako,
Fundi Nyuzi


Jumanne, 5 Machi

Ndugu,

Natumaini barua hii itakufikia mapema, nimempa mtu anayesafiri kuja huko.

Dada yako ameumia. Jumamosi, gemu ya pili ya seti ya kwanza, alichomoka kufuata mpira mfupi, na sote tuliokuwepo tukasikia mlio, kama ubao umekatika. Yeye aligeuka nyuma akiuliza nani amempiga. Hakuna aliyempiga. Kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imekatika yote. Jana amefanyiwa upasuaji. Mama yenu alizungumza naye Jumapili akiwa kitandani hospitali. Alitusihi tusiseme kwenye simu, kwa sababu ya shinikizo la damu la mama, nami nikakubali mpaka wewe uwe umepata barua hii. Sasa ni juu yako kumwambia.

Kuna jambo jingine, na ni lazima ulijue. Daktari anasema kano hiyo haikuwa nzima. Ilikuwa imevimba na kuchakaa kwa wiki nyingi. Mtu mwenye kano ya namna hiyo hanyanyui visigino hata mara tano bila kukunja uso. Kwa wiki zote tangu barua yako ifike, amekuwa akitoka nyuma ya jengo amelowa jasho na kuniambia, "Nimeshapasha mwenyewe."

Barua yako nimeisoma tena na tena. Sikulaumu. Ni hatua thelathini kutoka kiwanjani hadi nyuma ya jengo lile, na sikwenda hata siku moja kutazama.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa timu ya wasichana


Alhamisi, 14 Machi

Chiriku,

Barua ya mwalimu wako ninayo hapa.

Nimemwambia Mama. Hakulia. Alitoa nguo zako zote kwenye sanduku akazikunja upya, moja moja, akazirudisha. Halafu akaniuliza ni lini ulianza kuumwa, akaniuliza mimi niliyeapa kwa mkono wangu kwamba u mzima.

Ulinitumia. Sitafuti neno laini kuliko hilo. Ulijua penye udhaifu wangu ni wapi, ukaenda pale pale ukapabonyeza. "Mtindo wetu wa nyumbani." Nami mjinga nikaenda kunywa maji. Huyo mama alikuwa na macho yake na daftari lake, angekuona siku ya kwanza, ungepumzika wiki sita, leo ungekuwa unatembea. Nani aliyemfumba macho? Mimi, kwa barua niliyoiandika mara tatu ili ipendeze.

Nataka kujua ilianza lini. Nataka tarehe. Na nataka kujua kule nyuma ya jengo ulikuwa unafanya nini dakika ishirini.

Mama anakuja Jumatano pamoja na shangazi. Mimi siji. Sijui nikikuona nitasema nini, na kwa sasa ni heri nisiseme.

Kaka yako


Jumanne, 26 Machi

Kaka,

Tarehe 20 Januari. Nilitoka kitandani nikakanyaga, kisigino kimekaza kama mtu amekishika kwa nyuma. Baada ya hatua kumi kikaachia. Kesho yake hatua ishirini. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa ni asubuhi nzima.

Nilijua ni nini. Umenifundisha vizuri, nilijua mpaka jina lake. Na nilijua kwamba Bi Filimbi akipita nyuma yangu kwenye visigino atafunga daftari, itakuwa wiki sita, na mchujo ulikuwa baada ya wiki tano. Tangu nikiwa mdogo, kwako na kwa Baba, mtu mwenye maumivu anagundulika wakati wa kupasha. Kwa hiyo niliuma meno mpaka barua yako kwake ikafika, ndipo nikaacha kupasha. Ndivyo nilivyofikiri, Kaka, na wakati ule niliona nimefikiri kitu cha maana sana.

Nyuma ya jengo kuna ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nakaa pale, mguu juu ya tofali, nahesabu dakika. Zikibaki mbili najimwagia maji shingoni na kifuani yawe kama jasho, halafu natoka mbio fupi ya kuingia kiwanjani. Mashoto alikuwa anasimama kwenye kona kutazama kama kuna mtu anakuja. Hakupenda. Kila siku alikuwa ananiambia, "Chiriku, mwambie mwalimu," na kila siku nilimwapisha asiseme. Akaapa, na akatunza. Kopo la njano ndiye aliyekuwa ananichua nalo. Mgongo wake haujawahi kuuma.

Siku yenyewe ya mchujo ilikuwa baridi na upepo. Nilikaa kwenye ile ndoo dakika ishirini, nikaingia kiwanjani mguu umepoa kabisa.

Sasa kidonda kimetunga usaha. Wanakisafisha asubuhi na jioni, na Mama anatoka nje wanapokisafisha. Mashoto anakuja kila siku baada ya mazoezi, amenisuka nywele, amenifulia. Mama anampenda kuliko mimi.

Nimekuambia yote. Nitukane, nitapokea. Ila usinyamaze, sitakuweza ukinyamaza.

Mdogo wako,
Chiriku


Jumatano, 17 Aprili

Kaka,

Wiki tatu umenyamaza. Mama alisema uko na kazi nyingi. Mama hajui kudanganya.

Wamenipasua tena. Usaha ulikuwa umekula kano, wamekata kipande. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Utatembea." Nikangoja aendelee. Nikamuuliza kuhusu kukimbia, akaangalia faili.

Wanne waliochaguliwa wameondoka jana. Walikuja kuniaga na sare zao mpya, nikawaambia zimewapendeza. Mashoto hayumo, alipoteza nafasi nilipoanguka, maana mechi ilikuwa yetu sote wawili. Wamempa nafasi ya mwisho, mechi ya mmoja mmoja mwezi wa sita, maana kati ya wale wanne kuna mmoja atakayerudishwa na nafasi yake itagombewa. Hakuninung'unikia hata neno moja. Afadhali angeninung'unikia.

Niandikie, hata matusi.

Chiriku


Jumatatu, 6 Mei

Chiriku,

Barua zako mbili ninazo mfukoni, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Hasira iliisha mapema, kabla hata Mama hajarudi kutoka huko. Kilichonifunga mkono ni aibu. Ulipoandika kwamba mwenye maumivu anagundulika wakati wa kupasha, na kwa hiyo ukaacha kupasha, nilihisi kama mtu amefungua daftari langu mwenyewe.

Mimi sikuteleza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Goti lilikuwa limevimba kwa ndani wiki tatu, na mbele yangu kulikuwa na mashindano niliyoyasubiri mwaka mzima. Baba alikuwa anatukagua kama ulivyomjua. Basi nikawa nafika kiwanjani mechi inakaribia kuanza, natweta, namwambia, "Nimekuja mbio toka nyumbani, Baba, nimeshapasha mwenyewe." Alikuwa anafurahi. Anawaambia wenzangu, mwoneni huyu. Kumbe nilikuwa nashuka kwenye baiskeli ya rafiki yangu pale kona, naruka ruka mara chache ili niheme, ndipo naingia.

Siku ile ilikuwa imenyesha kweli, lakini asubuhi. Baba alifagia maji mwenyewe, akakausha mistari kwa magunia, akasema tucheze. Kiwanja kilikuwa kimekauka, Chiriku. Niligeuka tu, na goti likaachia lenyewe. Nikiwa chini Baba alinijia mbio akapiga magoti, akasema, "Ni mimi, mwanangu. Ni maji. Mimi ndiye niliyekuchezesha." Nami sikusema siyo.

Nilijiambia nitamweleza nikipona. Baadaye akaacha kufundisha, akanipa filimbi yake. Nikajiambia nitamweleza mwaka ukiisha. Kwa miaka minane Baba alinibebea mfuko wa raketi na kunitangulia kufungua milango kama mtumishi, na mimi nilimwacha. Alipokuwa anaondoka duniani aliniomba msamaha kwa ajili ya goti langu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, nimekusamehe Baba.

Ningekuwa nimekuambia hata mara moja tu, ungejua hila hiyo inakompeleka mtu. Nilikufundisha kupasha kila kiungo kuanzia shingo hadi kidole. Kusema "naumwa" sikukufundisha, kwa sababu mwenyewe sijui. Halafu nikakutukana kwa jambo nililolianza mimi.

Mitihani yako ikiisha mwishoni mwa Juni nakuja kukuchukua. Hutaki kuniona, useme, nitasubiri nje ya geti. Lakini nakuja.

Kaka yako


Jumapili, 9 Juni

Kaka,

Nilikuchukia siku mbili. Si kwa ajili ya mguu wangu, kwa ajili ya Baba. Namkumbuka akisimama dirishani kila mvua ikianza, akikutazama wewe, si mvua. Nilidhani wazee wote wanafanya hivyo. Siku ya tatu nikakuhurumia, na nimebaki hapo. Mama umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakufanyia kazi hiyo.

Nimerudi kituoni tangu Mei kwa ajili ya mitihani. Nina gongo moja sasa. Asubuhi Bi Filimbi ananiwekea kiti kando ya kiwanja, ananipa daftari, anasema macho yangu yanaona mambo ambayo yake hayakuyaona. Sijui kama ni heshima au ni adhabu. Naandika nani ananyanyua vizuri na nani anaegemea mguu mmoja.

Ijumaa ilikuwa siku ya Mashoto, ile nafasi yake ya mwisho. Wiki nzima alikuwa anachelewa kupasha. Jumatatu alitafuta raba. Jumanne tumbo. Jumatano alikuja wenzake wakiwa wameshamaliza, amelowa, akamwambia Bi Filimbi, "Nimeshapasha mwenyewe." Kaka, nilipoa mwili mzima pale kwenye kiti. Chumbani nilimuuliza. Akacheka, akasema nimeanza kuwa askari. Nikaona anafungua mlango kwa mkono wa kulia. Mashoto hajawahi kufungua kitu kwa mkono wa kulia.

Ijumaa akaja vile vile, ana maji shingoni. Bi Filimbi alikuwa ameshainua filimbi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, watu wote wangeendelea na kazi zao. Mashoto alinitazama. Alikuwa ananiomba, bila neno, jambo lile lile nililomwomba mimi wiki tatu kila asubuhi, naye akanipa.

Nikasema, "Mwalimu, mwambie anyooshe kiwiko."

Hakikunyooka. Bi Filimbi alimshika mkono taratibu, akaujaribu, na Mashoto akapiga ukelele hadi kiwanja cha sita wakageuka. Walimtoa pale pale. Nafasi amepewa mwingine. Kwa umri, hatapata tena.

Alipopita mbele ya kiti changu alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikufichia." Ni kweli. Alinifichia, na matokeo yake ndio huu mguu wangu. Sasa ningemwambiaje hayo mtu aliyekuwa analia?

Daktari ameangalia kiwiko, anasema wiki nane za kupumzika na kitarudi kama zamani. Angecheza ile mechi kingekatika. Mashoto ameambiwa yote hayo. Amehamisha godoro lake kwenda chumba cha mwisho wa korido. Sabuni yangu sasa haiishi.

Jana nilimsubiri mlangoni pa bwalo baada ya chakula cha mchana. Nilitaka nimwambie pole, hicho tu. Akatoka na wenzake, akaniona, akanipita. Nikamwita. Akaongeza mwendo, na mimi sikuweza kumfuata.

Njoo, Kaka. Usisubiri nje ya geti.

Mdogo wako,
Chiriku